Elektroni Iliyotoka Kwenye Maji

Walimu wangu, wanafunzi wapendwa, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na sentensi ambayo wengi wetu tuliikariri tukiwa wadogo: hewa ukaa na maji, penye mwanga na umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani, huzaa sukari na oksijeni. Kurasa chache mbele tukakariri ya pili: sukari na oksijeni huzaa hewa ukaa, maji na nishati. Ya pili ni ile ya kwanza iliyopinduliwa. Tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama zetu, tukafunga daftari.

Sentensi hizo ni za kweli, wala sikuja kuzipinga. Ila zinataja mahali safari ilipoanzia na mahali ilipoishia, kisha zinanyamaza kuhusu njia, na uhai wote uko njiani. Choma kijiko kimoja cha sukari kiungue chote: utapata hewa ukaa ileile, maji yaleyale, nishati ileile kwa kiasi kilekile, na hakuna seli hata moja iliyohusika. Moto huteremka kwa mpigo mmoja, kama jiwe lililoanguka kutoka darini. Seli huteremka ngazi, na kwenye kila kidato kuna aliyesimama kupokea kitu. Leo nawaomba tuipande ngazi hiyo na kuishuka, tukiifuata elektroni moja, chembe ndogo mno iliyomo ndani ya atomi, tangu inapong'olewa kwenye maji.

Lakini kabla ya elektroni kulikuwa na swali jepesi zaidi: mti huupata wapi mwili wake? Tabibu Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akaumwagilia kwa miaka 5 bila kuongeza kitu kingine. Mwishoni mti ulifika ratili 169 na ushei. Aliukausha udongo, akaupima upya: ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alihitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji. Alikosea, lakini nampenda kwa sababu alikosea akiwa na mizani mkononi. Asichokipima ni hewa, na nani angemlaumu? Nani angedhani kwamba gogo linalowashinda watu wanne kulibeba limejengwa kwa hewa? Ndivyo lilivyojengwa. Kaboni ya gogo iliingia majanini ikiwa hewa ukaa, ambayo hata leo ni kama sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000 za hewa tunayoivuta.

Mwaka 1771 Joseph Priestley aliweka tawi la mnanaa chini ya gilasi iliyofunikwa, ndani yake mkiwa na hewa iliyokwisha kuzimisha mshumaa. Baada ya siku kadhaa, mshumaa uliwaka tena katika hewa hiyo. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani peke yake, tena penye mwanga peke yake, na kwamba gizani mmea huichafua hewa kama mnyama anavyoichafua. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa moja ambalo bado nalisikia: kwamba mmea una zamu mbili, mchana usanisinuru, yaani ile sentensi yetu ya kwanza, usiku kupumua, yaani ile ya pili. Hakuna zamu. Seli za mmea hupumua saa zote 24. Mchana usanisinuru huizidi kasi ya upumuaji kwa mbali, ndiyo maana mizani yetu haiuoni upumuaji huo.

Sasa twende kwenye nuru yenyewe. Mwanga unafanya nini hasa ukilipiga jani?

Liko jaribio moja ambalo ningetamani kila mwanafunzi alione kwa macho yake. Ponda majani mabichi katika spiriti, chuja, upate kimiminika cha kijani kibichi sana. Kimulike kwa taa kali, kisha kitazame kutoka ubavuni. Kile kimiminika cha kijani kinang'aa wekundu, wekundu wa damu. Mara ya kwanza nilipouona wekundu huo nililirudia jaribio mara tatu, kwa furaha tu.

Maelezo yake ni haya. Mwanga unapoipiga molekuli ya umbijani, elektroni moja hupandishwa juu, mahali ambapo haiwezi kukaa. Muda wake huko juu ni kama sehemu chache za bilioni za sekunde. Katika kile kimiminika, hakuna aliye karibu kuidaka. Inaanguka ilikotoka, na nishati yake inatoka ikiwa joto na ule mwanga mwekundu. Imepotea. Ndani ya jani zima, umbijani uleule hauogelei ovyo. Umepangwa ndani ya utando, umeshikwa na protini, na pembeni yake ipo molekuli nyingine iliyosogezwa karibu kabisa, yenye kazi ya kuinyakua elektroni kabla haijaanguka. Unyakuzi huo huchukua sehemu chache za trilioni za sekunde. Kwa hiyo umbijani peke yake haunasi nishati. Kunasa ni kuwahi, na mpangilio wa wale walio jirani ndio unaowahi. Ponda jani, umbijani wote bado upo, lakini mpangilio umevunjika, na usanisinuru umekwisha.

Elektroni iliyonyakuliwa imeacha pengo. Molekuli ya umbijani iliyopokonywa ina kiu kali ya elektroni, kali kuliko karibu kitu kingine chochote ndani ya seli, kiasi kwamba inaweza kuyapokonya maji. Tafadhali msiipite haraka sentensi hii. Maji ni matulivu mno. Maji ni majivu ya haidrojeni, ni kile kinachobaki haidrojeni ikishaungua. Kuyapasua maji ni kuurudisha moto nyuma, na jani hulifanya hilo katika joto la kawaida kwa kutumia fundo dogo la atomi 4 za manganizi na moja ya kalisi. Mwaka 1969 Pierre Joliot na wenzake waliimulika mimea iliyokaa gizani kwa vimweko vifupi vya mwanga, kimoja kimoja, huku wakipima oksijeni. Haikutoka sawasawa. Iliruka juu kwenye kimweko cha tatu, kisha kila baada ya vimweko vinne. Mwaka uliofuata Bessel Kok akaeleza kwa nini: fundo lile huhesabu. Kila kimweko huling'oa elektroni moja, nalo hungoja mpaka zitimie nne, ndipo linapozipasua molekuli mbili za maji kwa pamoja na kuachia molekuli moja ya oksijeni. Gizani lilikuwa limeshatulia likiwa na hesabu ya moja, ndiyo maana safari ya kwanza ilihitaji vimweko vitatu tu.

Kwa hiyo oksijeni tunayoivuta imetoka kwenye maji. Wengi hudhani imetoka kwenye hewa ukaa, kwa kuwa ndani yake mna oksijeni na mmea huichukua kaboni. Wataalamu wenyewe walidhani hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliwapa mwani maji yenye oksijeni nzito, oksijeni-18, na gesi iliyotoka ikawa na alama ya maji hayo. Oksijeni ni kilichobakia baada ya mmea kuchukua ulichokitaka. Ulichokitaka ni elektroni.

Nayo elektroni yetu sasa iko juu na inaanza kushuka. Inapita mkono hadi mkono ndani ya utando, na kila inapoteremka kidogo nishati yake hutumika kusukuma protoni, yaani viini vya haidrojeni, kuziingiza ndani ya vifuko bapa vilivyojaa kwenye kloroplasti, vile vijumba vya kijani ndani ya seli za jani. Protoni zinarundikana upande mmoja wa utando. Huko ndani kunakuwa asidi, nje asidi inapungua. Nishati iliyotoka kwenye jua sasa imekuwa tofauti kati ya pande mbili za ukuta mwembamba kuliko kitu chochote mnachoweza kukiwazia.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1961 na Peter Mitchell, na wengi walilikataa. Wenzake walikuwa wakiitafuta molekuli fulani ya katikati ambayo ingeipokea nishati ya elektroni na kuikabidhi mbele. Walitafuta kwa miaka, wasiione. Mitchell akasema haionekani kwa sababu haipo. Kilichopo ni protoni zilizozuiwa, kama maji nyuma ya boma. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walifanya jaribio ambalo kwangu ni miongoni mwa mazuri kuliko yote katika elimu ya viumbe. Waliziloweka kloroplasti kwenye asidi, gizani totoro, mpaka vifuko vikajaa asidi. Kisha wakazihamisha ghafla kwenye maji yasiyo na asidi, bado gizani. Zikatengeneza ATP, molekuli inayoipa seli nishati ya kufanyia kazi zake. Hapakuwa na jua wala elektroni inayoshuka, ila tofauti ya asidi kati ya ndani na nje peke yake. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Protoni zikitaka kutoka, mlango ni mmoja: kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia za seli, tena kinachozunguka. Nasema kuzunguka kwa maana ya gurudumu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi mrefu wa protini unaong'aa kwenye mhimili wa sehemu ya kimeng'enya hiki, wakakipa ATP, wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini. Ndani ya seli mambo huenda kinyume: protoni zinapita, mhimili unazunguka, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3.

Hapa niseme neno juu ya ATP, kwa kuwa tumefundishwa vibaya. Tunaambiwa ina kifungo chenye nishati nyingi, kikivunjwa nishati hutoka. Hapana. Kuvunja kifungo chochote hugharimu nishati, daima. Faida hutoka katika vifungo vipya vinavyofungwa baada ya pale, na zaidi ya yote hutoka katika ukweli kwamba seli huiweka ATP kwa wingi kupita kiasi ambacho ingebaki nacho kama ingeachwa itulie. Fikiria tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo. Maji ya tangini ni maji tu, sawa na ya kisimani. Kinachoyapa nguvu ya kushuka bombani ni kwamba mtu ameyapandisha. Seli iliyokufa inaweza kuwa na ADP na fosfeti tele, yaani vipande viwili vinavyoungana kuwa ATP, lakini hakuna anayepandisha tena.

Wala ATP haiwekwi akiba. Watu huifananisha na sarafu, nami sifurahii sana mfano huo, maana sarafu unaweza kuifukia. ATP yote iliyomo katika mwili wa mtu mzima ni gramu mia au mia mbili hivi, lakini inakadiriwa kwamba kwa siku moja hutumika na kutengenezwa upya kiasi kinachokaribia uzito wa mwili wenyewe. Ni ndoo inayopita kwenye mstari wa watu: inarudi tupu, inajazwa, inapita tena.

Turudi kwenye jani letu. Elektroni imeshuka, ikapigwa na mwanga mara ya pili, ikapanda tena, na sasa imekabidhiwa kwa mbebaji aitwaye NADPH. Kazi ya nuru imeishia hapo. Mmea una ATP na una elektroni zilizobebwa. Kilichobaki ni kuijenga sukari.

Njia ya ujenzi huo ilifichuliwa na kundi la Melvin Calvin huko Berkeley, Marekani, kuanzia miaka ya 1940 mwishoni. Walitumia kaboni-14, ambayo ni nururifu, iliyogunduliwa na walewale Ruben na Kamen mwaka 1940. Waliwapa mwani hewa ukaa yenye kaboni hiyo, na baada ya sekunde chache wakawamwaga kwenye alkoholi ya moto ili kusimamisha kila kitu papo hapo. Kisha wakatenganisha molekuli kwenye karatasi, wakaweka filamu juu yake, na mahali palipo na kaboni nururifu pakaacha doa jeusi. Wakiacha sekunde nyingi, madoa yalikuwa mengi. Wakipunguza, yakapungua. Wakipunguza zaidi, karibu alama yote ikawa katika doa moja: asidi ndogo yenye kaboni 3 na fosfeti moja, asidi ya fosfogliseriki. Calvin alipewa Nobel mwaka 1961, peke yake. Andrew Benson, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mikono yake, na James Bassham hawakuwemo. Natamka majina yao hapa kwa sababu wanastahili kutamkwa.

Asidi ile haikuwa mgeni. Wanakemia walikuwa wakiijua tangu miaka ya 1930, na hawakuikuta kwenye jani. Waliikuta kwenye hamira na kwenye msuli, mahali ambapo sukari inavunjwa.

Twendeni basi upande huo wa pili. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka seli zote zikapasuka, akakamua juisi yake, akaongeza sukari nyingi ili juisi isioze. Juisi ikaanza kutoa mapovu. Ilikuwa inageuza sukari kuwa alkoholi na hewa ukaa, nayo haikuwa na seli nzima hata moja. Mpaka siku hiyo wengi waliamini kwamba uchachushaji ni kazi ya seli hai na haiwezi kutenganishwa nayo. Buchner alionyesha kwamba ni kazi ya vitu vilivyomo ndani ya seli, vitu vinavyoweza kumiminwa kwenye chupa na kuchunguzwa. Miaka michache baadaye Arthur Harden na William Young wakaona kwamba juisi hiyo ikichoka, ukiongeza fosfeti inafufuka, na fosfeti inatoweka: inafungwa kwenye sukari. Tangu hapo kazi ikasonga kidato baada ya kidato, mikononi mwa Gustav Embden, Otto Meyerhof, Jakub Parnas na wengine wengi, mpaka kufikia mwaka 1940 hivi njia yote ilikuwa imejulikana. Vidato 10. Tunaiita glaikolisisi, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kuifungua sukari.

Sitawapitisha vidato vyote kumi, majina yake mtayakuta vitabuni. Nitasimama kwenye vichache.

Glukosi yenye kaboni 6 inaingia kwenye seli, na jambo la kwanza seli inalolifanya ni kutoa. Inatumia ATP moja kuibandika fosfeti sukari hiyo. Kidogo baadaye inatumia ya pili. Wanafunzi huniuliza, aliyekuja kutafuta nishati mbona anaanza kwa kuitumia? Kwanza, fosfeti ina chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi utando kirahisi. Sukari iliyobandikwa fosfeti haiwezi kutoroka. Pili, sukari yenye fosfeti pande zote mbili inaweza kukatwa katikati, na kila nusu ikabaki na mshikio wake. Nusu hizo mbili ni sukari ndogo za kaboni 3.

Sasa kaeni macho. Katika kidato cha 6 na cha 7, ile sukari ya kaboni 3 inavuliwa elektroni zake, zinapokelewa na mbebaji aitwaye NAD, na nishati inayopatikana inatosha kutengeneza ATP moja. Kinachobaki ni asidi ya kaboni 3 na fosfeti moja. Ndiyo, ileile fosfogliseriki ya Calvin. Na ndani ya kloroplasti nini hutokea? Kimeng'enya cha Rubisko kinaichukua hewa ukaa na kutengeneza asidi hiyo. Kisha asidi inapewa fosfeti ya ATP, inapewa elektroni za NADPH, inakuwa sukari ya kaboni 3.

Ni vidato vilevile viwili. Jani linavipanda, hamira na msuli vinavishuka. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo pande zote mbili ni ndugu wa ukoo mmoja, ukisoma mpangilio wa protini zao undugu unaonekana wazi. Nilipoelewa jambo hili nilihisi kama mtu aliyekaa miaka mingi katika nyumba yenye vyumba viwili na siku moja akagundua kwamba kuna mlango kati yake. Kitabu huweka usanisinuru katika sura moja na glaikolisisi katika nyingine, lakini zote mbili zinakutana kwenye molekuli ya kaboni 3. Kwa kweli sukari inayotoka kwenye kloroplasti kuingia sehemu nyingine za seli si glukosi kama tulivyokariri. Hutoka zaidi ikiwa hiyo sukari ndogo ya kaboni 3, kisha seli huamua: ijengwe iwe sukari kubwa ya kusafirishwa, au iteremshwe ngazi hapohapo.

Mtauliza, kwa nini basi seli ya mmea haipandi na kushuka bure siku nzima? Kwa sababu kupanda kunafanyika ndani ya kloroplasti na glaikolisisi kwa sehemu kubwa hufanyika nje yake, na kwa sababu giza linapoingia vimeng'enya kadhaa vya ujenzi huzimwa.

Rubisko nayo niiseme kwa ufupi. Ni kimeng'enya cha polepole mno, hufanya kazi mara chache tu kwa sekunde wakati wenzake hufanya maelfu, na mara nyingine hukosea ikashika oksijeni badala ya hewa ukaa. Mmea hulipia kasi hiyo ndogo kwa kuitengeneza kwa wingi ajabu, na ndiyo maana majani yana protini nyingi kiasi kile.

Turejee kwenye hesabu ya glaikolisisi. Imetoa ATP 2 mwanzoni, imepata 4 mwishoni, faida ni 2. Kiasi hicho ni kama asilimia 2 ya nishati ambayo glukosi ingeitoa ikiungua yote. Ni kidogo, lakini hupatikana upesi, bila oksijeni na bila utando wowote, katika majimaji ya seli. Chembe nyekundu za damu yenu wakati huu zinaishi kwa njia hiyo peke yake. Zimebeba oksijeni ya mwili mzima, nazo hazina mitokondria, vile vijumba vya seli ambamo oksijeni hutumika, hivyo haziitumii hata kidogo.

Kuna tatizo moja tu. NAD iliyopokea elektroni imejaa, na wabebaji hawa ni wachache. Wasipoteremsha mzigo, kidato cha 6 kinasimama, na ngazi yote inasimama nacho. Oksijeni isipokuwepo ya kutosha, seli hutafuta pa kuzitua elektroni. Hamira huzitua kwenye kipande kilichotokana na sukari ileile na kutoa alkoholi. Msuli huzirudisha kwenye kipande kilichobaki, piruveti, ikawa asidi laktiki. Watu huilaumu asidi laktiki kwa maumivu ya misuli ya kesho yake, kwa makosa: saa chache baada ya mazoezi imeshaondoka msulini. Wala si takataka. Moyo huitumia kama kuni, na ini huijenga upya kuwa glukosi, kama Carl na Gerty Cori walivyoonyesha. Nishati nyingi ya sukari bado imo ndani yake, haijaguswa.

Oksijeni ikiwepo, mambo hubadilika. Piruveti inaingia kwenye mitokondria, inavuliwa elektroni zake zote kidogo kidogo katika mzunguko uliofafanuliwa na Hans Krebs mwaka 1937, na kaboni zake zinatoka zikiwa hewa ukaa. Hiyo ndiyo hewa mnayoitoa puani sasa hivi. Kisha elektroni zinapitishwa mkono hadi mkono ndani ya utando, zinateremka, zinasukuma protoni upande mmoja, protoni zinarudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka. Nimeshayasema maneno haya leo. Sikukosea ukurasa. Gurudumu la mitokondria na gurudumu la kloroplasti ni mtambo mmoja kwa umbo na kwa kazi, na bakteria wanao pia. Kwa njia hii glukosi moja, badala ya ATP 2, hutoa kama 30.

Mwisho wa utando yupo mpokeaji wa mwisho. Ni oksijeni, ileile iliyoachwa na jani. Ina kiu ya elektroni, nayo hungoja mpaka zitimie nne, kama lile fundo la manganizi lilivyongoja upande wa pili. Zikitimia, pamoja na protoni nne, hutengeneza molekuli mbili za maji. Elektroni tuliyoifuata tangu mwanzo imefika ilikotoka.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na walio nyuma.